Flati imeanguka ukaguzi wa umeme, bili ni pauni 1,860: anzia wapi

Barua pepe ya wakala ilinikuta kwenye treni natoka kazini. Flati yangu ya Leicester, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ilikuwa imekaguliwa umeme asubuhi ile. Majibu: hairidhishi. Chini yake kulikuwa na bei ya matengenezo, pauni 1,860, VAT bado, na sentensi iliyonitoa jasho: nisipokubali ndani ya siku saba, mpangaji yuko hatarini na halmashauri inaweza kunitoza faini ya maelfu. Nilibakiza kidogo nilipe palepale, kwenye simu. Sikulipa. Mwisho wa yote zilinitoka pauni 215, na kitu kimoja kilichokuwa na hatari ya kweli kilishughulikiwa kesho yake.

Naandika kwa ajili ya ndugu zangu tulioko Uingereza wenye flati moja tuliyoinunua kwa kujibana, kisha kazi au familia ikatuhamisha tukaipangisha. Karatasi ikija na neno halmashauri, tunalipa. Ninayoyaeleza hapa ni ya England. Scotland na Wales wana sheria zao, usichanganye.

Kwanza, soma alama, acha bei

Ripoti yenyewe inaitwa EICR, yaani ripoti ya hali ya mfumo wa umeme wa nyumba. Tangu kanuni za mwaka 2020, kila mwenye nyumba binafsi anayepangisha England lazima awe nayo. Zilianza kwa mikataba mipya tarehe 1 Julai 2020, na kwa mikataba iliyokuwepo tarehe 1 Aprili 2021. Ukaguzi ni angalau mara moja kila miaka 5, au mapema zaidi ripoti ikisema hivyo. Faini ilianza na kikomo cha pauni 30,000, na sasa kikomo kimepandishwa hadi 40,000. Kwa hiyo tishio lenyewe si la uongo. Uongo, pale unapokuwepo, huwa katika alama.

Kila kasoro hupewa alama. C1 maana yake hatari ipo sasa hivi, mtu anaweza kupigwa na umeme leo. C2 ni hatari inayoweza kutokea, inataka kushughulikiwa haraka. FI ni jambo linalotaka kuchunguzwa zaidi bila kuchelewa. C3 ni ushauri wa kuboresha tu. Ikipatikana C1, C2 au FI hata moja, ripoti nzima hairidhishi na sheria inakubana. Zikiwa ni C3 tupu, hata kumi, ripoti inaridhisha na hakuna anayeweza kukulazimisha kutoa senti.

Pesa zote zimelala hapo, kati ya C2 na C3. Ndiyo maana nasema usianze kubishania bei. Ukianza na bei watakupunguzia asilimia kumi, utashukuru, na utakuwa umelipia kazi usiyoihitaji. Anza na kipengele: kwa nini hiki ni C2?

Ila ukiona C1, simama hapo. Waya ulio wazi, soketi iliyopasuka hadi chuma kinaonekana, mfuniko wa bodi (lile sanduku la breka) uliovunjika: hayo yazimwe au yarekebishwe siku hiyohiyo, na fundi yeyote mwenye sifa aliye karibu, hata kama akili yako inakwambia bei ni ya wizi. Utadai baadaye. Anayelala mle ndani ni mtoto wa mtu.

Dalili: mkaguzi aliingia na kutoka

Nilimpigia mpangaji wangu, kijana muuguzi aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, kwa hiyo alikuwepo ndani muda wote. Akasema jamaa alikaa kama dakika ishirini na tano. Nikamuuliza swali ambalo ningependa kila mmoja aulize: umeme ulikatika? Akasema hapana. Nikamwomba aende jikoni anitazamie saa ya oveni. Ilikuwa inasoma saa sahihi.

Saa ya oveni ile, umeme ukikatika hata sekunde moja, inarudi sifuri na kuanza kuwaka na kuzima mpaka uiseti upya. Na ukaguzi kamili hauwezi kwisha bila kuzima umeme. Kipimo cha kuangalia kama ngozi ya nyaya bado inazuia mkondo usivuje hufanywa sakiti (njia ya nyaya inayotoka kwenye breka moja) ikiwa haina umeme, kwa kuipitishia volti 500 kutoka kwenye kipima cha fundi, na jibu lisishuke chini ya megaohmu 1. Ukaguzi ambao saa ya oveni haikuuhisi ni wa kutiliwa shaka.

Fungua basi kurasa za mwisho za ripoti, zile zenye jedwali la tarakimu ambalo kila mtu huliruka. Huhitaji kuwa fundi. Hesabu mistari ya sakiti, kisha mwombe mpangaji apige picha ya bodi, uhesabu breka. Kwangu ripoti ilikuwa na sakiti saba, moja ikiwa ya bafu la shawa ya umeme. Bodi ina breka sita, na flati ile haijawahi kuwa na shawa ya umeme tangu nainunua. Safu moja ya vipimo ilikuwa na namba ileile kutoka juu hadi chini, hadi desimali ya pili, wakati urefu wa waya wa taa na wa jiko haulingani hata kidogo. Yule alikuwa amenakili ripoti ya nyumba nyingine.

Haki ni haki, tusimwonee mtu. Mkaguzi anaruhusiwa, tena ni kawaida yake, kufungua sehemu tu ya soketi na swichi, mradi ameandika kwenye ukurasa wa mipaka ya ukaguzi ni kiasi gani amefungua na nani alikubali. Kutofungua kila kitu si kosa. Kosa ni kuandika vipimo ambavyo havikupimwa.

La kufanya: muulize mpangaji siku hiyohiyo, kabla hajasahau, na muombe akuandikie ujumbe mfupi wa saa aliyoingia mkaguzi, aliyotoka, na kama umeme ulizimwa. Picha ya bodi ikiwa imefungwa. Asifungue chochote, wala wewe usifungue.

Dalili: orodha ndefu ya C2 na sababu ni "haiendani na kanuni za sasa"

Hapa ndipo penye nyama, tukae kidogo.

Kanuni za nyaya za nchi hii, BS 7671, hubadilika kila baada ya miaka kadhaa. Toleo la 18 lilitoka 2018, na marekebisho yake ya pili 2022. Lakini kanuni hizohizo zinasema kazi iliyofanywa kwa toleo la zamani si lazima iwe ya hatari kwa sababu tu toleo jipya limekuja. Mkaguzi anatakiwa aseme hatari ni nini. "Ya zamani" si hatari. Na lipo chapisho la bure la shirika la hisani la Electrical Safety First, mwongozo wao wa nne, linaloorodhesha kasoro za kawaida na alama inayostahili kila moja. Mafundi wenyewe hulitumia. Lipakue, kaa nalo na ripoti yako mkono kwa mkono.

Mimi nilipewa C2 tano. Nizipitie.

Ya kwanza, bodi ya plastiki. Tangu Januari 2016 bodi mpya za majumbani huwekwa za chuma au kitu kisichoshika moto. Bodi ya plastiki iliyokuwepo kabla, isiyo na alama ya kuungua wala nyaya zilizolegea, haifiki C2. Hata ikiwa kwenye njia pekee ya kutokea au chini ya ngazi ya mbao, ni C3. Nilipewa C2 na bei ya kubadilisha bodi nzima, pauni 1,250.

Ya pili, soketi hazina RCD, kile kifaa kinachokata umeme mara moja mkondo unapovujia mwilini au ardhini. Hii ndiyo inayowaumiza watu wa flati kuliko zote. Inakuwa C2 pale soketi inapoweza kutumika kwa vifaa vya nje, kama mashine ya kukata nyasi, maana mtu aliyesimama kwenye ardhi yenye unyevu akishika waya uliokatika anaweza kufa. Kwa nyumba yenye bustani hiyo ni C2, wala sina ubishi. Flati yangu iko ghorofa ya tatu na haina hata baraza. Ukate nyasi gani huko juu? Ni C3.

Ya tatu, bomba la maji linaloingia halijaunganishwa na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Kwa kawaida hiyo ni C2 ya haki kabisa, kwa sababu bomba la chuma linaweza kubeba umeme kutoka nje. Nikamwomba yule kijana afungue kabati la chini ya sinki na kupiga picha pale bomba linapotokea sakafuni. Bomba la buluu. Plastiki. Plastiki haipitishi umeme, na gesi flati ile haina. Hakuna cha kuunganisha.

Ya nne, bafuni hakuna nyaya za kuunganisha mabomba na ethi. Hizo zinahitajika kweli pale ambapo sakiti za bafuni hazina RCD, kama kwangu. Lakini zilikuwepo: kibano cha chuma na waya wa kijani na njano, nyuma ya ubao wa bafu unaotoka kwa skrubu mbili. Hakuutoa ule ubao.

Ya tano ilikuwa ya kweli. Swichi ya hita ya maji, ile iliyo ndani ya kabati la tangi, ilikuwa na doa la kahawia pembeni, na ukisogeza pua unasikia harufu ya plastiki iliyopata joto. Waya ulikuwa umelegea ndani. Hita ya namna ile ni kilowati 3, mkondo mkubwa unaopita kwa masaa, na waya uliolegea hapo ndio unaowasha moto usiku. Hiyo nilimwambia kijana azime kwenye breka jioni ileile, na kesho yake fundi mwingine akaja. Pauni 75.

Nimeieleza hii ya tano kwa makusudi. Ripoti kuwa mbovu haimaanishi kila kilichomo ni uongo, na ukiitupa yote kwa hasira unaweza kutupa na kile kinachounguza nyumba.

Yako mengine ambayo hayakuwa kwangu lakini nimeyaona kwa wenzangu. Nyaya nyekundu na nyeusi badala ya kahawia na buluu si kasoro hata ya C3. Rangi mpya zililazimishwa mwaka 2006 tu. Taa zisizo na waya wa ethi ni C3 kama taa na swichi zote ni za plastiki, lakini ni C2 kama kuna taa ya chuma. Wakati mwingine kubadilisha taa moja kunamaliza C2 ambayo fundi anataka kuimaliza kwa kuvuta nyaya za nyumba nzima.

Dalili: FI kila mahali

FI moja inaweza kuwa ya haki: amepata kipimo kisichoeleweka na anahitaji muda. FI nne katika flati ndogo maana yake hakumaliza kazi uliyomlipa. Muulize kwa maandishi: ulishuku nini, na kwa nini hukukiangalia siku ile?

Dalili: bei moja kwa kila kitu

"Matengenezo yote kufikia kiwango, 1,860." Usijibu ndiyo wala hapana. Omba bei kwa kila kipengele cha C1, C2 na FI peke yake, vifaa mbali, kazi mbali, na C3 kwenye karatasi nyingine. Mara nyingi bei hushuka kwa kuombwa tu kutenganishwa, kwa sababu unakuta nusu yake ilikuwa ya C3.

Jihadhari na ukaguzi unaotangazwa kwa bei ya kutupa. Mtu hawezi kukaa saa tatu kwenye flati yako, alipie maegesho na vipima, kwa bei ya chakula cha watu wawili. Anategemea kupata kitu cha kutengeneza.

Kampuni iliyokagua haina haki yoyote ya kuwa ndiyo itakayotengeneza. Sheria inataka mtu mwenye sifa tu. Mpelekee ripoti hiyohiyo fundi wa pili na wa tatu, wote wawe wamesajiliwa na vyombo kama NICEIC au NAPIT, uangalie jina lao kwenye orodha ya chombo chenyewe na siyo kwenye nembo iliyobandikwa kwenye gari. Kwangu fundi wa pili alitoza pauni 140 kuja kuangalia vile vipengele vitano na kuandika maoni yake, moja baada ya jingine.

Dalili: wakala anasema lazima umtumie fundi wao

Soma mkataba wako na wakala. Mara nyingi anaruhusiwa kuagiza kazi hadi kiasi fulani tu bila kukuuliza. Mwandikie: sijaidhinisha kazi hii, nitaisimamia mwenyewe, na naomba kujua kama mnapata kamisheni kwa fundi huyu. Swali hilo la mwisho liulize kwa adabu, litafanya kazi yake. Tangu Oktoba 2014 kila wakala wa kupangisha England lazima awe mwanachama wa chombo cha usuluhishi, kama The Property Ombudsman. Lalamika kwanza kwao wenyewe kwa maandishi. Wiki 8 zikipita bila suluhu, nenda huko.

Na isije ikafika mahali wakala akamtupia mpangaji bili ya ukaguzi. Tangu Juni 2019 hilo ni marufuku.

Dalili: siku zinakwisha na bado mnabishana

Sheria inakupa siku 28 tangu ukaguzi kufanya kazi au uchunguzi unaotakiwa, au pungufu kama ripoti imeandika pungufu. Zile "siku saba" za kwenye barua ya wakala hazikuwa za ripoti, zilikuwa za muda wa bei yao. Angalia vizuri tofauti hiyo. Lakini ubishi hausimamishi saa ya sheria, kwa hiyo fanya mambo mawili kwa pamoja: rekebisha kisicho na ubishi mara moja, na siku hiyohiyo tuma malalamiko kuhusu vilivyobaki.

Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sikumwita mtu mwizi. Niliandika kipengele, alama waliyotoa, alama ambayo mwongozo unatoa, picha, kisha swali: mnategemea hatari gani kubakiza C2? Nikaongeza ile sakiti ya saba isiyokuwepo na ujumbe wa mpangaji kuhusu umeme kutokuzimwa. Nikaomba warudi kukagua upya bila malipo na kutoa ripoti iliyosahihishwa, la sivyo faili lote linakwenda kwa chombo kilichowasajili. Vyombo hivyo haviamui bei, lakini ubora wa ukaguzi ndiyo kazi yao. Siku ya tisa alikuja mkaguzi mwingine wa kampuni ileile, akakaa karibu saa tatu. Ripoti mpya: inaridhisha, C3 mbili.

Kuagiza ripoti nyingine kabisa kwa kampuni nyingine inawezekana, lakini ile ya kwanza haifutiki kwa kuifungia kabatini. Kama hawataki kusahihisha, weka pamoja ripoti zote mbili, maoni ya fundi na risiti. Halmashauri ikikuletea notisi ya matengenezo una siku 21 za kujieleza kwa maandishi, na faili hilo ndilo maelezo yako.

Dalili: umeshalipa

Usijilaumu, bado kuna njia. Huduma yoyote ya kulipia lazima ifanywe kwa uangalifu na ujuzi wa kuridhisha, na kama hamkupatana bei kabla, unadaiwa bei ya haki tu. Ulilipa kwa kadi ya mkopo na kazi ni zaidi ya pauni 100? Benki ya kadi hiyo inabeba dhamana pamoja na fundi, waandikie wao pia. Ikishindikana, mahakama ya madai madogo inachukua hadi pauni 10,000 na huhitaji wakili, ila lazima utangulize barua ya kudai. Maoni ya fundi wa pili ndiyo ushahidi utakaokubeba, kwa hiyo yatafute kabla kazi haijafunikwa na plasta.

Kama bili imekuja kwa mlango mwingine, yaani mwenye jengo anakudai mchango wa matengenezo ya umeme wa ngazi na korido, hilo ni jambo jingine. Mwenye flati yeyote akidaiwa zaidi ya pauni 250 kwa kazi moja, walipaswa kuwashauri kwanza kwa utaratibu wa sheria ya 1985, na ubishi wa kama gharama ni ya haki huenda kwenye baraza la ardhi na makazi linaloitwa First-tier Tribunal.

Dalili: kazi imekwisha, karatasi hakuna

Mwaka uliofuata nilibadilisha ile bodi ya plastiki kwa hiari yangu, kwa sababu RCD huokoa maisha na sikutaka kukaa na C3 ile milele. Bei tatu, nikachukua ya pauni 560. Ileile waliyotaka 1,250.

Kubadilisha bodi ni kazi inayotakiwa kuripotiwa kwa idara ya majengo. Fundi aliyesajiliwa anairipoti mwenyewe, na wewe unapaswa kupata vyeti viwili: cha kazi ya umeme, na cha kuthibitisha kuwa kanuni za majengo zimefuatwa. Usimalizie malipo ya mwisho kabla ya cha kwanza kuwa mkononi. Cha pili huja baadaye, na kisipokuja ndani ya mwezi mpigie. Kwa matengenezo madogo yaliyotokana na ripoti, omba uthibitisho wa maandishi kwamba kazi imefanyika, umpe mpangaji na halmashauri nakala ndani ya siku 28 pamoja na nakala ya ripoti iliyoidai kazi hiyo. Hata ile swichi ya hita ya pauni 75 niliitumia halmashauri. Walijibu kwa mstari mmoja kwamba wameipokea, nikauchapa, nikauweka kwenye faili.